Bizari Inashinda Jedwalini, Maharage Yanashinda Sahanini

Fungua jedwali la virutubisho, weka kidole kwenye safu ya madini ya chuma, kisha shuka nacho taratibu. Katika jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo wataalamu wa lishe wa nchi nyingi hulitegemea, gramu 100 za maharage makavu zina chuma cha miligramu 8 na ushee. Gramu 100 za bizari nyembamba, ile mbegu ya pilau ambayo Zanzibar huitwa uzile, zina miligramu 66. Ni mara nane. Kwenye kalsiamu, maharage yana miligramu 143, bizari 931. Kwenye magnesi, 140 kwa 366. Zinki nayo iko juu upande wa bizari.

Takwimu hizo ni za kweli. Zimepimwa maabara kwa uangalifu na hakuna aliyezitia chumvi. Kisichokuwa kweli ni maneno yanayojengwa juu yake, kwamba kijiko cha bizari kinaweza kufanya kazi ya sahani ya maharage, au kwamba mwenye bizari ndani hana haja ya kuhangaika na kunde. Maneno hayo yanapita kwa kasi katika simu za watu, na kwetu hayapiti bure. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, walikuwa 58 katika kila 100. Si upungufu wote huo unaletwa na kukosa chuma. Malaria, minyoo na selimundu vina sehemu yake. Lakini chuma ni sehemu kubwa ya habari hii, na katika nyumba ambayo nyama inaonekana sikukuu kwa sikukuu, chuma hicho kinatoka kwenye maharage, mboga za majani na dagaa.

Kwa hiyo inafaa tuvilinganishe vitu hivi viwili kwa haki, tukianza na kipimo.

Jedwali hupima kila chakula kwa gramu 100 ili vyakula vyote vikae kwenye mstari mmoja. Ni utaratibu mzuri kwa mtaalamu anayejua atakachofanya na namba zake. Mpishi hapimi hivyo. Kijiko cha chai cha bizari kina uzito wa gramu 2 hivi, kwa hiyo gramu 100 ni karibu vijiko hamsini. Hakuna pilau wala mchuzi unaobeba vijiko hamsini vya bizari, na kama ungepikwa, hakuna ambaye angemaliza tonge la pili.

Sasa chukua sufuria ya kawaida ya familia ya watu sita. Mama ameloweka nusu kilo ya maharage usiku, asubuhi ameyainjika. Katika nusu kilo hiyo kuna chuma cha miligramu 41 hivi na protini ya gramu 118. Yakigawanywa sawasawa, kila mtu anapata protini ya karibu gramu 20, chuma cha miligramu 6 hadi 7, na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 12. Halafu mama anatia kijiko kimoja cha bizari ya kusaga wakati wa kuunga. Kijiko hicho kimeongeza kwenye sufuria nzima chuma cha miligramu 1.4. Gawa kwa sita: kila sahani imeongezeka robo ya miligramu, au pungufu kidogo. Protini iliyoongezeka kwenye sufuria nzima haifiki nusu gramu.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kwenye jedwali bizari ilikuwa na chuma mara nane ya maharage. Kwenye sahani, maharage yameleta chuma karibu mara thelathini ya kile cha bizari.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wasomaji wa majedwali, nalo ni maji. Maharage makavu yana maji asilimia 12 hivi. Yakiiva, maji yanafika karibu theluthi mbili ya uzito wake. Ndiyo maana ukiangalia mstari wa maharage yaliyochemshwa utaona protini imeshuka kutoka gramu 23 na ushee hadi chini ya gramu 9, na chuma kimeshuka hadi kati ya miligramu 2 na 3. Wapo wanaosoma hivyo wakadhani moto umeua virutubisho. Kwa sehemu kubwa moto haujaua kitu. Maharage yamekunywa maji yakavimba, na gramu 100 zako sasa zina maharage machache na maji mengi. Bizari huingia jedwalini ikiwa kavu kabisa na hubaki hivyo. Kulinganisha mbegu kavu ya kiungo na maharage yaliyoiva ni sawa na kupima samaki mkavu dhidi ya samaki mbichi. Linganisha kikavu kwa kikavu, kisha uulize kila kimoja kinaliwa kiasi gani.

Hata tukikubali kupima kikavu kwa kikavu, kuna safu ambazo bizari haiwezi kusimama. Ya kwanza ni protini: maharage gramu 23.6, bizari gramu 17.8. Pengo linaonekana dogo, lakini ili upate kwa bizari ile protini ya gramu 20 iliyokuwa kwenye sahani moja, ungelazimika kula zaidi ya gramu 110 za mbegu. Tena protini ya maharage ina lisini kwa wingi, asidi amino ambayo mahindi na mchele havina ya kutosha, wakati mahindi na mchele vina methionini ambayo maharage yamepungukiwa. Ugali kwa maharage, wali kwa maharage, makande, githeri: mapishi haya ya mabibi zetu yamekamilisha protini kabla hata neno protini halijafika huku.

Safu ya pili ni foleti, na hii ndiyo ninayotaka kila mwanamke anayetarajia kupata mtoto aijue. Gramu 100 za maharage makavu zina foleti ya mikrogramu 394. Bizari ina 10. Hata baada ya kuchemshwa, maharage yaliyoiva bado yana mikrogramu 130 kwa kila gramu 100, kwa hiyo sahani ya kushiba inaweza kumpa mtu zaidi ya nusu ya mikrogramu 400 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Foleti ndiyo inayohitajika wakati uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinapoumbika, katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Foleti ikipungua, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka. Hakuna kiungo cha kutia mchuzini kitakachoziba pengo hilo. Maharage, kunde nyingine na mchicha vinaweza kusaidia sana, na sehemu ya foleti huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo mchuzi wa maharage usimwagwe.

Turudi kwenye chuma, maana hapo kuna jambo ambalo majedwali hayasemi hata kidogo. Kuwa na chuma kwenye chakula ni jambo moja, na chuma hicho kuingia kwenye damu ni jambo la pili. Chuma cha mimea hufyonzwa kidogo kuliko kile cha nyama na samaki. Maharage yana fitati, kemikali ambayo mbegu huitumia kuhifadhi fosforasi yake, na fitati hukishika chuma tumboni kikapita bila kufyonzwa. Maharage mekundu yana pia polifenoli kwenye maganda, nazo hufanya kazi hiyohiyo. Katika zile miligramu 6 au 7 za kwenye sahani, kinachoingia mwilini mara nyingi hakifiki hata moja ya kumi. Bizari haina msamaha hapo: nayo ni mmea, na sehemu ya chuma kinachopimwa kwenye viungo vya kusaga inaweza kuwa imetoka kwenye vumbi la udongo na vyuma vya mashine, chuma ambacho mwili hukifyonza kwa shida.

Kwa kuwa kinachofyonzwa ni kidogo, mpishi ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Vitamini C inayoliwa pamoja na maharage huongeza ufyonzaji wa chuma waziwazi, na haihitaji fedha nyingi. Kachumbari ya nyanya na pilipili hoho, limao lililokamuliwa juu ya sahani, chungwa au pera baada ya kula, vyote vinafaa. Kwa kuwa moto huharibu vitamini C, nyanya iliyoungiwa kwenye mafuta haitoi kama ile mbichi ya kachumbari. Dagaa kidogo waliotiwa kwenye maharage nao husaidia, kwa sababu samaki na nyama huchochea ufyonzaji wa chuma cha mimea. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea hupunguza fitati kiasi na huondoa sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni.

Adui mkubwa ni chai. Tanini za chai zinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu zikinywewa pamoja na chakula, na kahawa nayo hupunguza. Mikoa mingi maharage huliwa asubuhi kwa chapati na chai ya rangi, na sisemi watu waache chai yao. Inywewe saa moja au mbili baada ya kula, hasa kwa mjamzito na kwa mtoto anayekua.

Na viungo vyenyewe? Hapa kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu umejibu swali la mpishi halisi. Mwaka 2006 watafiti nchini Thailand walichapisha matokeo ya kupima wanawake vijana waliopewa mlo wa wali na mboga ulioongezwa chuma, safari nyingine ukiwa na pilipili, safari nyingine ukiwa na manjano. Pilipili ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 38. Manjano haikupunguza. Haina maana kwamba pilipili ni sumu. Maana yake ni kwamba kiungo kinaweza kuleta madini kwa mkono mmoja na kuyazuia kwa mkono wa pili, na jedwali haliwezi kukuambia hilo.

Kwa maoni yangu, heshima ya kweli ya bizari iko kwenye ladha na harufu, na hiyo ni heshima kubwa. Harufu yake inatokana na mafuta yaliyomo ndani ya mbegu, ambayo hufunguka yakiguswa na mafuta ya moto au ikikaangwa kavu kidogo kabla ya kusagwa. Maharage yaliyochemshwa kwa chumvi peke yake huchosha siku ya tatu. Ukiyaunga kwa kitunguu, kitunguu saumu, bizari nyembamba na tui la nazi, watoto huomba tena. Mwanafunzi wa bweni anayekula maharage karibu kila siku anajua tofauti ninayoisema. Kiungo kinachofanya familia ile maharage mara nne kwa wiki badala ya mara moja kimeleta chuma kingi kuliko kile kilichomo ndani yake. Huo ndio mchango wake, na kwangu ni mkubwa kuliko zile miligramu 66.

Lazima niseme pia kuhusu unga wa viungo wa pakiti na vile vya mchemraba vinavyouzwa kila duka la mtaani, maana kwa watu wengi leo hivyo ndivyo viungo. Soma orodha ya vitu vilivyomo, ambayo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Mara nyingi utakuta chumvi iko mbele kabisa, ikifuatwa na wanga na kikoleza ladha, na viungo vyenyewe viko mwishoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyokwishatiwa kwenye vyakula vya kununua. Ukitia pakiti mchuzini kisha ukaongeza chumvi ya kawaida, unavuka mpaka huo bila kujua, na shinikizo la damu halipigi hodi. Bizari ya mbegu uliyosaga nyumbani haina shida hiyo. Chumvi yake ni kidogo sana.

Kusaga nyumbani kuna faida nyingine. Bangladesh, watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakipaka manjano kromati ya risasi, rangi ya njano ya viwandani, ili ing'ae sokoni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Serikali ya nchi hiyo ilichukua hatua kali, ikakagua masoko na kuwatoza faini wahusika, na sampuli za manjano zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Kwetu, njia rahisi ya kujilinda ni kununua kiungo kizima, mbegu au mzizi, kukikagua kwa macho, na kukisaga mwenyewe kwa kinu au kwa mashine unayoiamini.

Maharage nayo yana hatari yake, ila jiko linaimaliza. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayoitwa fitohemaglutinini, na punje nne au tano tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha. Kuchemka kwa nguvu huiua. Moto mdogo usiofikisha maji kwenye kuchemka hauiui, ndiyo maana maharage yaachwe yatokote sawasawa kabla ya kupunguzwa moto. Wanaotia magadi ili yaive haraka wanaokoa mkaa, na bei ya mkaa naijua, lakini magadi huharibu vitamini B1. Kuloweka saa nane au zaidi kunafupisha muda wa kupika bila hasara hiyo.

Kama kuna mahali pa kuongeza chuma kwenye sufuria, ni kwenye mbegu ya maharage yenyewe. Rwanda, nchi ambayo maharage huliwa karibu kila siku, ilianza mwaka 2010 kuwapa wakulima aina zilizozalishwa kwa njia ya kawaida ya kuchavusha na kuchagua ili ziwe na chuma kingi. Kisha zikapimwa kwa watu. Wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mjini Huye, waliokuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini, walikula maharage hayo kwa siku 128, huku wenzao wakila maharage ya kawaida. Yale mapya yalikuwa na chuma cha miligramu 86 kwa kilo, ya kawaida 50. Mwishoni, hemoglobini na akiba ya chuma vilikuwa vimepanda zaidi kwa waliokula yale mapya. Hawakubadilisha mlo, walibadilisha mbegu. Kenya, shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, limetoa aina ya Nyota yenye chuma kingi. Tanzania, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian kimetoa Selian 14 na Selian 15. Mkulima anayesoma makala hii aulize mbegu hizo kwa bwana shamba wake kabla ya msimu, na halmashauri zinazonunua maharage ya shule ziulize aina, si bei ya gunia peke yake. Mtoto anayekula maharage ya shule siku tano kwa wiki ndiye atakayefaidika zaidi na mabadiliko hayo.

Neno la mwisho ni kwa mama mjamzito na kwa kila mwenye dalili za upungufu wa damu: uchovu usioisha, kizunguzungu, viganja vilivyopauka, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo. Mahitaji ya chuma wakati wa ujauzito hufika miligramu 27 kwa siku, kiasi ambacho mlo wetu wa kawaida hukifikia kwa shida. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ameze kila siku vidonge vyenye chuma cha miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki asidi ya mikrogramu 400, na vidonge hivyo hutolewa kliniki. Nenda kapimwe damu, vimeze kama ulivyoelekezwa, na uendelee kula maharage yako kwa limao. Usikubali mtu yeyote akwambie kwamba kijiko cha bizari kinatosha badala yake.